Matope Rasmi ya Kona ya Blugamu

Mamlaka ya Urahisishaji wa Nyanda za Chai ilitangaza, kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari jeupe, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi, kutoka Londiani mpaka Chebunyo, atakayeteswa tena na kujua jambo. Kujua kumewarudisha watu nyuma kwa muda mrefu, tangazo likaeleza. Mtu akitaka kujua hupoteza siku nzima. Akishajua huanza kuuliza. Akianza kuuliza, ofisi hukosa nafasi ya kufanya kazi. Kwa hiyo Mamlaka, baada ya mashauriano ya kina katika hoteli yenye maji ya moto, imeleta chombo kiitwacho Bonyeza Moja. Mwananchi atabonyeza mara moja tu. Mengine yatajifanya.

Mzee Kipruto alikuwa akichuna majani chai yake kando ya barabara ya Tulwet tangazo lilipomfikia. Gari lenyewe hakuliona. Barabara ya Tulwet haikuwa ya kupitiwa na gari jeupe. Lilisimama Merigi kwenye lami, likageuza vipaza sauti kuelekea kilimani, na upepo ukamalizia kazi. Kipruto alisikiliza mpaka mwisho, akatupa konzi ya majani kikapuni.

"Yatajifanya," akasema peke yake. "Kama barabara ilivyojifanya."

Hapo aliionea Mamlaka, kwa maana barabara ilikuwa imetengenezwa. Ilitengenezwa vizuri sana. Shida ni kwamba haikutengenezwa pale ilipokuwa.

Zamani maofisa wa Mamlaka walikuwa wakikagua barabara kwa kuzipitia. Utaratibu huo ulionekana kuwa na kasoro. Magari yalikwama, viatu viliharibika, na mara nyingi ofisa alikutana na wananchi. Ndipo mtaalamu mmoja akawaletea gemu ya kompyuta, ile ya kuendesha magari, ambayo watu wengi huichezea nyumbani kwao wakiwa wamevaa soksi. Gemu yenyewe inakubali mod. Mod, kwa asiyejua na ambaye sasa amekatazwa kujua, ni kipande cha nyongeza ambacho mtu hujitengenezea na kukichomeka ndani ya gemu: basi lenye rangi za kwao, kanisa la kwao, daraja la kwao. Mamlaka ikaagiza mod ya barabara zake zote. Zikaja zimepigwa lami, zina mstari mweupe katikati na taa kila pembe. Tangu siku hiyo barabara hukaguliwa ofisini. Ukaguzi unaisha kabla chai haijapoa, na hakuna anayerudi na matope.

Halmashauri ya Mamlaka ikapitisha azimio kwamba gemu ndiyo kumbukumbu rasmi. Ikitokea ardhi na gemu zimetofautiana, ardhi ndiyo yenye makosa.

Sasa, Priscah, mke wa Kipruto, alifariki upande wa ardhi.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Kifua kilimbana mchana, akiwa bado na kikapu mgongoni. Jirani akatoa pikapu yake wampeleke hospitali. Walipofika Kona ya Blugamu, pale penye mti mkubwa wa blugamu ulioinama, pikapu ikazama mpaka tumboni. Watu walishuka kutoka mashambani, wakasukuma, wakakata matawi. Janefer, jirani wa upande wa chini, alivua aproni yake ya plastiki ya kuchunia chai akaitandika chini ya gurudumu. Gurudumu likaila aproni, likabaki pale pale. Kipruto alikuwa nyuma ya pikapu ameshika kichwa cha mkewe asilowe. Gari lilipotoka kwenye matope, hapakuwa tena na haja ya kwenda haraka.

Baada ya matanga akaenda ofisi ya Mamlaka, Merigi. Alimkuta Noah, Mkurugenzi wa Urahisi, Kanda ya Merigi. Huyu Noah ni mtoto wa huyo huyo Janefer, na amekulia katika barabara hiyo hiyo, lakini alikuwa amesomea mambo makubwa na yakamwingia. Alimkaribisha mzee kwa heshima, akamvutia kiti, akamgeuzia kompyuta.

"Mzee, hapa unaona nini?"

"Naona lami."

"Na hii kona ni gani?"

"Mti ni ule wa blugamu. Lakini..."

"Ngoja kidogo, mzee. Nikuulize kwa heshima tu. Gari inaweza kukwama kwa lami?"

"Kwa lami haiwezi."

"Basi mama hakukwama."

"Noah, mimi ndiye nilikuwa nimeshika kichwa yake."

"Sikatai, mzee. Hata pole sana. Kushika ni yako, hakuna mtu atakunyang'anya. Ni kukwama ndiyo sisi hatuna."

Ofisi ikamfungia malalamiko yake hapo hapo, bila kumsumbua kurudi kesho, na kwenye kumbukumbu rasmi ikawekwa kwamba marehemu alisafiri vizuri. Kipruto akarudi nyumbani kwa miguu. Pale Kona ya Blugamu kiatu chake kimoja cha mpira kikanaswa, na akasimama kwa mguu mmoja katikati ya barabara ya lami yenye taa, akikivuta.

Huzuni ya kufiwa mtu huizoea. Kuambiwa hukufiwa vile ulivyofiwa ni jambo lingine. Lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na Kipruto si mtu wa kula samaki.

Dawa aliipata kwa Bochaberi. Bochaberi alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Kisii, aliyefungua saiba nyuma ya duka la mbolea pale Merigi. Anapiga picha za pasipoti, anatoa nakala, na jioni wakulima waliochoka hukodi kompyuta zake kuendesha mabasi ya gemu. Kipruto aliingia kutoa nakala ya kitambulisho akamkuta dereva mmoja wa trekta anaendesha basi lililoandikwa jina la kwaya ya kanisa lao.

"Hiyo jina imeingiaje hapo?" akauliza.

"Ameiweka mwenyewe," Bochaberi akajibu. "Ni mod. Unaweza kuweka kitu chochote."

"Chochote?"

"Chochote, mzee."

"Hata matope?"

Bochaberi akaacha kutoa nakala. "Hata matope."

"Basi niwekee."

"Sikuwekei."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Nikikuwekea matope leo, kesho utarudi nikuwekee mawe. Keti ujifunze."

"Mimi sikusoma, Bochaberi. Shule iliniacha mapema."

"Hii si shule, hii ni mkono. Wewe unachuna chai ama chai inajichuna?"

"Siku hizi kule mashamba makubwa mashine inachuna."

"Na wale watu walikuwa wanachuna wako wapi?"

Kipruto alifikiri. "Wako nyumbani."

"Basi keti."

Akaketi. Walianza na kutafuta matope. Huko kwenye mtandao kuna watu wa nchi za mbali wanaotengeneza matope kwa ajili ya kujifurahisha, jambo ambalo Kipruto aliliona kuwa dalili ya kuishi karibu na lami. Bochaberi alimwonyesha moja baada ya jingine.

"Hii ni uji," Kipruto akasema. "Endelea. Hii ni ya zizi la ng'ombe. Hii nayo ni nini? Mtu anaweza kupaka hii kwa mkate."

"Sasa wewe mzee unataka matope ya namna gani?"

"Ya kwetu. Juu yanang'aa, unafikiri yamekauka. Ukikanyaga ndiyo unajua hujui."

Mwisho alikwenda nje akarudi na kiatu chake cha mpira, akakiweka juu ya meza kando ya kompyuta, matope yakiwa bado mabichi. Bochaberi akavuta pumzi, akasema neno la Kikisii ambalo halikuwa sala, kisha wakachanganya rangi mpaka matope ya kwenye kioo na ya kwenye kiatu yakawa ndugu. Wakayamwaga kwenye picha ya barabara, chini ya mti wa blugamu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyachomeka ndani ya gemu.

Hapo ndipo walipogombana sana. Kipruto alishika kipanya kama anashika panga. Alibonyeza kabla ya kusoma. Alinakili kisichotakiwa, akabandika kisichonakiliwa.

"Ninyi watu wa Kisii," akalalamika, "mnafundisha kama mnapigana."

"Na ninyi Wakipsigis mnajifunza kama mko kwa mbio. Bunduki haijalia, mtu ameshafika kona."

Lakini kidogo kidogo mkono ukalainika. Ikawa mtu anaweza kumkuta Kipruto saiba, kofia magotini, anafungua folda na kuifunga, anafungua na kuifunga, kama anayehakikisha kwamba mlango ni wake.

Habari hizo zilimfikia Noah, zikamsikitisha. Alikuja mwenyewe akiwa na kompyuta mpya, akaiweka kwenye meza ya mbele. Akamjulisha Bochaberi kwamba saiba yake imeteuliwa kuwa Kituo Kielelezo cha Urahisi, na kwamba kompyuta hiyo imeunganishwa moja kwa moja na ofisi zote za Mamlaka. Juu yake akatandika kitambaa cha kufuma, kile cha kuwekwa kwenye makochi, na juu ya kitambaa akabandika onyo: USIGUSE.

"Hii ndiyo Bonyeza Moja," akasema. "Ni rahisi hata mtu hahitaji kuigusa."

"Sasa wananchi watabonyezaje?" Bochaberi akauliza.

"Watabonyeza siku ya uzinduzi, kupitia kwa Mheshimiwa Mwenyekiti. Kwa sasa, mama, tunaomba uache kutesa wazee. Tumesikia unawafungulisha folda kwa mkono."

"Wanafungua wenyewe."

"Hiyo ndiyo shida. Mtu akifungua folda anaona kitu iko ndani."

"Na hii yako inaweka mod gani?"

"Zote zilizoidhinishwa."

"Kama gani?"

"Kama lami."

"Na nyingine?"

"Ni hiyo."

"Na mtu akitaka kuitoa?"

Noah akatabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo. Kamati ilikuwa imelishughulikia. Mwanzoni chombo kilikuwa na vibonye viwili, Weka na Ondoa. Kikajaribiwa na wanahalmashauri wenyewe. Walipoona vibonye viwili walishikwa na wasiwasi, wakaomba mapumziko ya chai, na waliporudi wengine walikuwa wamesahau walichokuja kufanya. Kamati ikaona kwamba kuchagua ni mzigo kwa mwananchi. Ondoa ikaondolewa. Kisha neno Weka nalo likafutwa, kwa sababu kibonye kikiwa peke yake hakihitaji jina.

"Hiyo ndiyo urahisi," Noah akasema, akainyoosha ncha ya kitambaa, akaenda zake.

Siku moja kabla ya uzinduzi, Kipruto alikuwa kwenye kompyuta yake ya nyuma na flashi yenye matope mkononi. Bochaberi alivaa shuka.

"Matope yanaingia kwa folda moja tu," akamwambia. "Nakwenda hapo nje kuchukua kabichi. Nikirudi nitakuonyesha ni gani. Usiende kabla ya bunduki."

"Nenda, mama. Mimi nimekaa."

Alikaa kweli. Lakini kompyuta ya nyuma ikaganda, ule mshale ukabaki unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, na pale mbele kompyuta ya Mamlaka ilikuwa imekaa bure chini ya kitambaa. Kipruto hakuzoea kuona chombo kizima kikikaa bure. Akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka kando pamoja na onyo lake, akachomeka flashi.

Folda zikajitokeza, nyingi, mistari kwa mistari, zimepangana kama shamba la chai lililokatwa vizuri. Ipi ndiyo yenyewe? Hakujua. Akazitazama, na shamba likamjibu swali. Ukiwa unaweka mbolea huulizi shina. Unapita mstari, kila shina na konzi yake. Ukiruka shina moja, mwaka mzima litakuwa linakuangalia na majani ya njano.

Basi Kipruto akapita mstari. Akaweka matope katika folda za barabara, akaweka katika folda za mikutano, za hotuba, za safari za nje. Moja ilikuwa imeandikwa "Binafsi, Mwenyekiti", nayo akaipa konzi yake, kwa kuwa si vizuri kubagua. Alipomaliza akabonyeza kile kibonye kisicho na jina. Kioo kikamwandikia: HONGERA! UMEFAULU.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo tangu siku ya harusi yake. Akarudisha kitambaa.

Bochaberi aliingia na kabichi, akaona kitambaa kimekaa upande.

"Umegusa?"

"Nimeweka mbolea."

Akafunua, akatazama, akafungua folda moja, ya pili, ya kumi. Akaketi taratibu na kabichi mapajani.

"Mzee. Ni folda moja."

"Hukuniambia ni ipi."

"Sasa hii tutaitoaje?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Kutoa yote hii kwa mkono hata mimi sijui nianzie wapi. Na hapa wametoa kibonye cha kutoa." Mabega yake yakaanza kutikisika, na Kipruto akadhani analia, mpaka alipoona meno.

"Tufanyeje?" akauliza Kipruto.

"Tuwe wananchi," Bochaberi akajibu. "Hatujui kitu."

Uzinduzi ulifanyika katika uwanja wa soko la Merigi. Hema ilikuwa kubwa, viti vina mikia ya kitambaa, na mbele pamesimamishwa skrini kama ukuta wa kanisa. Wakulima walikuja moja kwa moja kutoka kuchuna, na vikapu vyao, maana walikuwa wameahidiwa soda. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mamlaka alifika kwa kuzunguka njia ya mbali, yenye lami, akapokelewa na kwaya.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuna nchi watu wake bado wanajifunza vitu. Sisi tumevuka huko."

Makofi yakapigwa, hasa hemani.

Halafu akaketi kwenye kiti cha dereva, akashika usukani wa plastiki, na Noah akatangaza kwamba Mheshimiwa sasa anakagua rasmi barabara ya Merigi hadi kituo cha chai cha Tulwet, na kwamba ukaguzi utahesabika umekamilika gari litakapofika kituoni. Mheshimiwa akabonyeza kibonye. HONGERA! UMEFAULU, skrini ikaandika. Gari likaondoka. Lami ilikuwa nyeusi, mstari mweupe, taa zinawaka mchana. Watu wa Tulwet walitazama barabara yao kwa mara ya kwanza, kwa adabu, kama unavyotazama picha ya harusi ya mtu mwingine.

Mti wa blugamu ukatokea. Mheshimiwa akakata kona kwa mkono mmoja, mwingine akiwapungia watu. Gari likazama mpaka tumboni.

Mheshimiwa akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, matope mekundu yakaruka yakafunika kioo chote cha skrini, halafu taratibu yakateleza chini, yaking'aa.

"Hiyo ni kwa blugamu!" mama mmoja akapiga kelele. "Ni yenyewe!"

Hapo mazoea yakawashinda watu. Hawakuwa na nia mbaya. Ni kwamba mtu wa Tulwet akiona gari limekwama pale, mwili hutangulia akili. "Usikanyage mafuta! Kata kulia! Rudi nyuma kidogo!" Wanaume wakainuka wakiita hoo-hop ya kusukuma. Mzee mmoja alivunja matawi yaliyopamba hema akayatandika mbele ya skrini. Janefer alikuwa tayari amefungua kamba ya aproni yake mpya kabla hajakumbuka alipo, akabaki ameishika tu mkononi.

"Noah," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, "nitoe hapa."

Noah akafanya alichofundishwa. Akabonyeza. HONGERA! UMEFAULU. Kibonye kilijua kuweka tu, basi matope yakapanda mpaka kwenye milango. Akabonyeza tena. Ofisi ya Londiani ikapiga simu kusema kwamba barabara zao zote zimezama. Akabonyeza tena, na Chebunyo, mahali pakavu ambapo watu huomba mvua kwa kufunga na kusali, pakawa na matope ya kufika magotini. Hotuba ya Mheshimiwa, iliyokuwa itokee upande wa skrini, ikatokea imejaa matope, ingawa waliokuwa karibu walisema iliboreka.

Kipruto alikuwa amesimama nyuma kabisa, soda mkononi. Hakucheka. Alikuwa anaangalia gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Lilikuwa limezama pale pale.

Hema ilikunjwa jioni. Mwili wa Mheshimiwa ulirudishwa Kericho kwa gari, lakini kiutawala yeye mwenyewe alibaki Kona ya Blugamu, kwa kuwa ukaguzi haukuwa umefungwa na kumbukumbu rasmi ilimwonyesha yuko pale. Ofisi yake ikakataa sahihi yake. Mtu aliye barabarani, walinzi walimweleza kwa heshima mlangoni, hawezi kuwa ofisini. Naibu wake naye hakuweza kukalia kiti, maana mwenye kiti hajafa wala hajajiuzulu, amekwama tu.

Ikaundwa Kamati ya Dharura ya Ukwamuaji. Kamati ilisoma azimio: ardhi na gemu zikitofautiana, ardhi ndiyo yenye makosa. Lakini safari hii hazikutofautiana. Huku matope, na huku matope. Ilikuwa mara ya kwanza Mamlaka kukubaliana na ardhi, na hakuna aliyekuwa na uzoefu wa hali hiyo. Hatimaye mwanakamati mmoja akapata njia. Ardhi itengenezwe, akasema, ili itofautiane na gemu, kisha wataalamu waone nani sasa ana makosa.

Greda likaja Tulwet. Watoto ambao hawakuwahi kuliona walilikimbia. Ikafuata murram ya kushindilia, zikafuata kalvati za kupitisha maji, ikafuata lami. Gemu ikabaki na matope. Kamati ikaona kwamba labda lami ni nyembamba, ikaongeza tabaka mbili. Gemu ikabaki na matope. Wakachimba mitaro, wakapiga mstari mweupe, wakasimamisha taa. Kila jioni Noah alikimbilia kompyuta kutazama kama Mheshimiwa amesogea. Hakusogea.

Alimwendea Bochaberi. "Aliyeweka ndiye anajua," Bochaberi akamjibu bila kuinua macho kutoka kwa nakala zake. "Muulize Mzee Kipruto."

Noah akamkuta Kipruto kituo cha chai cha Tulwet, kwenye foleni ya kupimisha. Akina mama walikuwa wamekalia magunia yao wakingoja lori, Janefer akiwa katikati yao.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei, mkubwa. Umepitia wapi?"

"Barabarani."

"Viatu yako ni safi."

Noah aliangalia viatu vyake kama ameviazima. "Mzee, tumekuja kukuomba. Utusaidie kutoa ile kitu."

"Kitu gani?"

"Ile hali iliyo kwa gemu."

"Hali haina jina?"

"Matope, mzee."

"Ya wapi?"

"Ya Kona ya Blugamu."

"Kwani kona ile ilikuwa na matope?"

Karani wa mizani akaacha gunia likining'inia. Noah akageuza shingo, akakutana na macho ya mama yake. Janefer alikuwa ameshika ncha ya aproni yake, anaikunja na kuikunjua.

"Ilikuwa nayo," Noah akasema.

"Gari ingeweza kukwama?"

"Ya Mheshimiwa imekwama."

"Sijakuuliza ya Mheshimiwa."

Noah alitafuta maneno yote makubwa aliyosomea, na hakuna lililokuja. Yakaja madogo.

"Mama Priscah alikwama pale. Kwa matope. Pikapu ilikawia kutoka, na yeye akaenda."

"Sema tena. Kuna watu wa nyuma hawajasikia."

Akasema tena, kwa sauti. Foleni nzima ikasikia, na karani, na dereva wa lori aliyekuwa akifika. Kipruto alivua kofia yake. Akaitazama ndani kwa muda kama kuna kitu kimeandikwa humo, kisha akaivaa.

"Asante, Noah. Sasa ile ya kutoa."

"Ndiyo, mzee." Noah akasogea karibu.

"Mimi sijui."

"Hujui?"

"Kuweka nilijaribu. Kutoa sikufika. Wewe umewahi kuona mtu akitoa mbolea kwa shina?"

"Lakini mzee!" Sauti ya Noah ikapanda. "Haiwezekani! Lazima kuna mtu anajua!"

"Kujua?" Kipruto akainua gunia lake akalitundika mwenyewe kwenye mizani. "Kujua si mliifuta? Mlipita na vipaza sauti."

Akina mama wakacheka mpaka majani yakamwagika. Janefer akamwambia mwanawe aende kwa Bochaberi akajifunze kama watu wengine, ila ajue kwamba huko lazima aketi. Magunia yakapakiwa. Lori likateremka na majani ya Tulwet, likapita chini ya mti wa blugamu bila kupunguza mwendo, juu ya lami ya tabaka tatu, mahali ambapo, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti bado anakanyaga mafuta.